Maharage ya Maji Matatu

Mbegu zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride, na kila moja ilikuwa na jicho jeupe ubavuni. Nilizimimina mezani zikagongana, nikazitazama bila kuzigusa. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mkono wake wa kulia ukitetemeka juu ya kitambaa kama kawaida yake, akinitazama mimi.

"Baba, hayo ni maharage," alisema. "Huwezi kuyahoji."

"Naweza kuyashuku."

"Hilo najua. Wewe hata ugali wa msibani unaushuku."

Ni kweli, na sababu ninayo. Nilitumika miaka mingi kama mwinjilisti, na kazi ya mwinjilisti ni kukaa kando ya vitanda vya watu. Nimeona yanayoletwa vitandani. Nimeona mafuta yaliyoombewa, maji yaliyoombewa, vitambaa, mizizi, unga ndani ya karatasi ya daftari, na mara zote anayeleta huwa na hakika kuliko mgonjwa. Siyadharau majani. Mama yangu alitulea kwa majani, na kifua changu cha utotoni kilipona kwa majani yaliyochemshwa na asali. Aliyeyaumba alijua anachokifanya, namshukuru. Lakini kati ya jani na mgonjwa daima husimama mtu mwenye mdomo, na mimi husikiliza ule mdomo kwanza.

Tunaishi kata ya Ramadhani, hapa Njombe mjini, katika nyumba tuliyoijenga polepole kwa miaka. Ugonjwa ulimwanzia mke wangu kwenye kidole gumba, akifuma sweta. Hapa kwetu mwezi wa sita baridi huingia mpaka kwenye mito ya kitanda, na sweta zake zilivaliwa na watoto wetu, kisha wajukuu, kisha watoto wa majirani. Uzi ukaanza kumponyoka. Baadaye hatua zake zikafupika, na uso wake ukatulia mno, hata watu wakadhani amenuna. Kanisani wapo walionong'ona kuwa amerogwa. Wapo waliotaka kumfanyia maombi ya kufukuza pepo la kutetemeka. Nilikataa kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili bila upole.

Daktari wa kwanza alitwambia unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Alisema ndani ya ubongo kuna kitu kinachoulainisha mwendo wa mwili, mfano wa grisi kwenye mashine ya kusaga, na kwa mke wangu kinapungua. Vidonge vinarudisha kiasi. "Kupona hatutamdanganya," alisema. "Kusaidika atasaidika." Nilimwamini kwa sababu alianza na habari mbaya.

Na kweli vidonge vilimsaidia. Asubuhi kabla ya kidonge mke wangu huwa kama ubao. Akishameza, tunasubiri, na anafunguka kidogo kidogo: vidole kwanza, shingo, kisha miguu. Ndipo mimi hutoka chumbani, yeye akabaki kuvaa.

Hilo la kuvaa ndilo alilolishikilia. Kufuma alikuwa ameshakuacha, na hakulalamika. Kwenda Kifanya shambani alikuwa ameshakuacha pia. Lakini nguo zake alizivaa mwenyewe, hata ikichukua muda wa ibada nzima, nami nikiwa jikoni nasikiliza kitenge kikiburuzwa sakafuni na vifungo vikimsumbua. Sikuruhusiwa kuingia. "Siku utakayonivalisha wewe," aliniambia, "ndiyo siku nitakayojua nimekwisha."

Basi. Vidonge vikaanza kuadimika. Duka la dawa la hapa lilisema vinakuja, kisha likasema vinakuja, mpaka nikajifunza kuwa neno hilo lina maana ya hakuna. Nilikuwa nakwenda Makambako kuvitafuta, kwa kuwa pale ndipo barabara zinapokutana, na mzigo wa kutoka Dar au Mbeya hushuka pale kabla ya kutufikia sisi. Nikifika Makambako nilifikia kwa mdogo wake mke wangu, mjane anayeuza njegere sokoni, mwenye sauti ya kusikika tangu stendi.

Yeye ndiye aliyepiga simu siku moja mchana. Mke wangu aliweka sauti kubwa, kwa sababu mkono wake haukuweza tena kuishikilia simu sikioni.

"Kamwene, shemeji! Bado unamlisha dada yangu makemikali?"

"Kamwene. Ninampa dawa ya hospitali."

"Hospitali yako hiyo! Sikiliza. Huku kuna unga wa mbegu. Kuna mama alikuwa hawezi kushika hata kikombe, sasa hivi anapepeta mahindi."

"Mama yupi?"

"Mama wa huku."

"Anakaa wapi? Nani anamfahamu?"

"He! Na kitambulisho chake nikuletee? Ndiyo maana watu walikuwa wanaogopa kuja kuungama kwako."

Mke wangu alicheka. Uso wake hautabasamu tena vizuri, ila mabega yalicheka, na macho. Nilipoyaona macho yale nikajua nitakwenda Makambako, nipende nisipende. Tumaini lilikuwa limeshaingia nyumbani kabla sijalikagua mlangoni.

Shemeji alinipeleka hadi kwa muuzaji, mwenye meza yake karibu na soko. Mtu wa makamo, nadhifu, koti la kijivu, kalamu mfukoni. Ile kalamu niliishuku mara moja, maana sikuona karatasi popote. Juu ya meza yalipangwa makopo ya unga, yote ya rangi moja, majivu yenye ukahawia.

"Unatibu nini unga huu?" nilimuuliza.

"Kutetemeka, mzee wangu. Na sukari. Presha. Mgongo. Miguu kuwaka moto." Akanitazama mvi zangu, akashusha sauti. "Na mambo ya nyumbani."

"Yote hayo kwa unga mmoja?"

"Mungu naye si mmoja, mzee?"

Nimehubiri muda mrefu, nalijua jibu linalofungua jambo na jibu linalolifunga. Hilo lilikuwa la kufunga. Nilimwuliza unga umetokana na nini. Akasita. Shemeji akamwambia, "Mwonyeshe, huyu ni mtu wa Mungu, hatakuibia biashara."

"Watu wa Mungu ndio wa kuogopa," alisema, na wakacheka wote wawili, na mwenye meza ya jirani akacheka nao bila kujua wanacheka nini.

Akainama, akavuta kiroba chini ya meza, akakifungua. Nikaziona zile mbegu, nyeusi, zinang'aa. Nikazitambua.

"Hii ni mbolea!" nilisema.

Sikuwa natania. Miaka ya nyuma bwana shamba alitugawia mbegu hizo hizo kule Kifanya tuzipande katikati ya mahindi. Ni ndugu wa upupu ule unaowasha, ila huu hauwashi. Unatambaa, unafunika shamba zima, unaua magugu, kisha tunaufukia ardhini uoze na kuirutubisha. Tulizoea kuuita upupu wa shamba. Hakuna aliyeula. Tuliambiwa hata nguruwe wasipewe mbichi. Na sasa kitu nilichokifukia kwa jembe kilikuwa kinauzwa kwa kijiko, na kwa sauti ya kunong'ona.

"Mbolea kwa asiyejua," alisema muuzaji. "Kwa anayejua ni dawa ya kichwa."

"Umejulia wapi?"

"Wahindi wanaitumia tangu zamani sana. Wazungu wanaipima kwenye maabara. Wewe tu ndiye umechelewa, mzee."

Shemeji alikuwa tayari ananyoosha mkono achukue kopo. Nilimzuia. Unga humeza kila kitu: unaweza kutia humo mchanga, muhogo, hata vidonge vya hospitali vilivyosagwa, na nani atajua? Hilo la vidonge lilikuwa limenijia ghafla, nikaona linaeleza mengi. Lingeeleza yule mama wa kupepeta mahindi. Nikasema nataka mbegu nzima, si unga.

"Utazisaga na nini, na meno?" aliuliza shemeji.

"Nitazipika."

"Haya, pika. Mwinjilisti mpishi."

Vidonge sikuvipata Makambako siku ile, isipokuwa vichache. Nilirudi na mbegu, na hivyo ndivyo zilivyofika mezani petu.

Nitaeleza jinsi tulivyozipika, maana kila kitu kilitokea hapo. Mke wangu alikaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa akaniongoza. Kwetu sisi, aliyelelewa na mama wa miaka ya njaa hafundishwi kupika kitu cha porini, anakijua. Mizizi michungu, maharage ya mwitu, kila kisichojulikana hupikwa maji matatu. Unachemsha mpaka maji yageuke rangi, unayamwaga. Unatia mapya, unachemsha, unayamwaga. Ya tatu ndiyo ya kulia. Sumu inaondoka na maji, na wanao wanaamka wazima kesho yake. Mke wangu asingekubali kwa namna nyingine, nami nisingekubali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule unga utajwe kwamba tumekubaliana jambo.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino.

"Unaona?" nilisema. "Sumu hiyo."

"Mwaga mbali na kisima," alisema.

Nilimwaga kwenye hori la nguruwe wetu yalipopoa, maana kilichokatazwa kwa nguruwe ni mbichi tu. Ya pili nayo hivyo hivyo. Maharage yaliyobaki yalikuwa laini, meupe kidogo ndani, hayana ladha. Alikula kwa chumvi na kipande cha parachichi, akasema ameshakula vibaya zaidi ya hivyo kwenye makambi ya vijana.

Kisha likaja la vidonge.

"Mdogo wangu amesema nivipumzishe," alisema.

"Hapana."

"Nitajuaje kinachonisaidia, kama nakula vyote?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na hofu tu. Na kwa kuwa vidonge vyenyewe vilikuwa vichache, tukapatana: cha asubuhi atameza, cha mchana na cha jioni ataviacha, maharage yafanye kazi yao kama yana kazi.

Jioni ile mke wangu aliongea kwa sauti ndogo mno, nikawa namwambia arudie. Asubuhi kidonge kilimwamsha kwa shida. Siku iliyofuata, baada ya maharage mengine ya maji matatu, nilitoka chumbani kama desturi, nikakaa jikoni. Sikusikia kitenge kikiburuzwa. Sikusikia kitu. Chai yangu ikapoa. Ndipo akaita.

"Baba. Njoo."

Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, mkono mmoja ndani ya mkono wa blauzi, mwingine hewani nyuma ya mgongo, umekwama pale kama tawi. Hakugeuza kichwa. Nilimwingiza mkono ule, nikafunga vifungo, nikamzungushia kitenge, nikakibana. Sikujua kinabanwa upande gani. Hakunielekeza. Tulikuwa tumeoana karibu umri wa binadamu mzima na sikumbuki chumba kile kikiwa kimya hivyo.

Nilimrudishia vidonge vyake vyote mchana ule ule. Halafu nikampigia shemeji.

"Mtu wako ni tapeli," nilimwambia. "Anauza mbolea."

"Umepika vipi?"

"Nimepika kama maharage yanavyopikwa."

"Mama yule mbona anapepeta?"

"Huyo mama hayupo! Na kama yupo, ule unga una vidonge vya hospitali ndani. Ndiyo sababu mbegu nzima hazifanyi kitu. Wameviponda humo, na wewe unawatangazia."

Sauti yake ilishuka, jambo ambalo si kawaida yake. "Shemeji," alisema, "unasema mimi namwekea dada yangu vitu?"

"Sijasema wewe."

"Umesema."

Kesho yake alishuka kwenye basi la asubuhi na kopo lake. Hakunisalimia kamwene. Alisema alinunua mbegu nzima kwenye kiroba kile kile, akazikaanga mwenyewe, akazisaga mwenyewe kwa jirani yake, hajanunua unga wa mtu, na mimi nikae pembeni nisome Neno. Akapika uji mwepesi wa ulezi, akatia kijiko, akatazama usoni mwangu, akatia kingine. Mke wangu alikuwa ameshameza kidonge chake cha asubuhi. Nililisema hilo. Hakuna aliyenisikiliza.

Haukupita muda mrefu. Mke wangu aliinuka kwenye kiti bila kushika meza. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akavipanga vikombe kabatini kwa mikono yote miwili, akaanza kuimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya ambao sikuwa nimeusikia kinywani mwake kwa miaka. Shemeji alipiga vigelegele. Mimi nilishika mgongo wa kiti, nikalia kidogo, na wakati nalia nikawa nashuku. Mtu akipona kwa vijiko viwili, swali la kwanza si "nani ametenda?" bali "kimetiwa nini?"

Kisha bega lake la kushoto likaanza kupanda na kushuka. Kichwa kikafuata, kikizunguka polepole upande mmoja. Mguu ukajipinda.

"Anacheza!" alisema shemeji.

"Hachezi," nilisema. "Anachezeshwa."

Tulimkalisha. Viungo viliendelea kujinyonga vyenyewe, si kwa maumivu, alisema, ila kwa aibu. Akatapika uji. Shemeji alikuwa amepiga magoti akimshika miguu, na vigelegele vyote vilikuwa vimemwisha. Alipotulia, nilichota unga kidogo kwenye karatasi, nikaukunja, nikauweka mfukoni mwa koti, na wote watatu tukaenda hospitali.

Daktari aliyekuwepo alikuwa mama kijana, anayesikia baridi kama sisi, amevaa sweta juu ya koti jeupe. Alimpima mke wangu kwanza, akamnyoosha mikono, akamtembeza. Nilisubiri mpaka amalize, nikaweka ile karatasi mezani kwake.

"Daktari, naomba huu upimwe. Una vidonge vya hospitali vilivyopondwa. Nina hakika."

Shemeji aliguna kwa nguvu. Daktari akafungua karatasi, akanusa.

"Mbegu gani hii?"

"Upupu wa shamba," alisema shemeji. "Nimesaga mwenyewe. Huyu ananiita mchawi."

"Sijasema mchawi."

"Mzee," alisema daktari, "hakuna haja ya mtu kuponda kidonge humu. Dawa iliyo kwenye kidonge cha mama inaitwa levodopa. Maharage haya yanayo. Yameumbwa nayo."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Alisema ni kitu kile kile kabisa, na ndiyo maana mgonjwa amechezeshwa: amepata cha kidonge, kisha akapata cha uji juu yake, na mwili ukajaa. Nilihisi kama mtu aliyevizia mwizi dirishani kumbe mwizi anakaa ndani, ni mwenye nyumba.

"Haiwezekani," nilisema. "Mimi nilimpikia mbegu nzima za kiroba kile kile. Hazikumfanya kitu. Alikakamaa."

"Ulipikaje?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye maji ya kwanza, meusi kama wino, alifunika mdomo kwa mkono.

"Na ya pili?"

"Tukamwaga."

"Mzee wangu, dawa hii huyeyuka kwenye maji. Kadiri ulivyochemsha na kumwaga, ndivyo ulivyoimwaga. Mama alikula makapi." Akajizuia, ikamshinda. "Yale maji mliyapeleka wapi?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ndogo.

"Alimpa nguruwe."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Nguruwe wako huyo, shemeji, hatatetemeka maisha yake yote!" Na daktari akacheka, na mke wangu mabega yakamcheka, na mimi nikacheka mwisho, kwa kuwa ningefanya nini.

Daktari hakutuacha katika kicheko. Alisema desturi yetu ya maji matatu si ya kijinga. Mbegu hizi zina mengine yasiyofaa, na mama zetu walikuwa sahihi kuziogopa. Ila wao walikuwa wanatafuta chakula, si dawa. Nilimwuliza basi kwa nini hospitali isitugawie maharage, kama dawa ni ile ile. Akasema kidonge kimepimwa, na kimewekewa mwenzake ndani, kitu kinachoilinda dawa isipotelee tumboni na kwenye damu kabla haijafika kichwani. Maharage hayana mwenzake huyo. Ndiyo maana hulazimu kula mengi, na ndiyo maana ametapika. Tena mbegu za shamba moja si sawa na za shamba jingine, kijiko cha leo si kijiko cha kesho.

"Watafiti wanayachunguza," alisema. "Si haya tu. Hata majani ya chai haya yanayotuzunguka yanachunguzwa, manjano pia, na mimea mingine. Mengine yanaonekana mazuri kwenye chupa za maabara, mengine kwa panya. Kwa binadamu bado tunasubiri. Akija mtu kukuambia tayari, mshuku."

"Huyo hahitaji kuambiwa," alisema shemeji.

"Lakini na kidonge, mama, usikikatishe ghafla tena," daktari aliendelea, akimgeukia mke wangu. "Huko kukikatisha ndiko kulikokukakamaza. Vikiwaishia, msijaribu kitu nyumbani. Njooni hapa kabla havijaisha, si baada."

Njia nzima ya kurudi, shemeji na mimi tulikuwa na la kusema. Yeye alikuwa ameshinda, dawa ilikuwa kwenye maharage. Mimi nilikuwa nimeshinda, maharage hayafai. Tulifika nyumbani tukiwa bado tunashinda. Alisema dada yake apunguze tu unga, nusu kijiko, bila kidonge. Atakuja kila wiki ampikie. Nikasema kopo hilo halilali kwangu. Akasema nina roho ngumu, nimeambiwa na mtaalamu kuwa Mungu ameweka dawa shambani kwangu mwenyewe na bado nanusa kama mbwa. Hilo liliniuma, maana nilikuwa nalifikiri tangu hospitali. Miaka yote ile nililima juu ya dawa hiyo, nikaifukia, nikamshukuru Mungu kwa mahindi tu.

"Mnanigombania kama mbuzi wa mahari," alisema mke wangu.

Shemeji akaliweka kopo mezani.

"Wewe," alimwambia mdogo wake, "nimeimba leo. Sitasahau. Lakini uji wako sijui kama utanifikisha dirishani au utanichezesha ngoma mbele ya watu. Kidonge hakinifanyi kuimba, ila nakijua. Najua kitaniinua saa ngapi na kitanishusha saa ngapi. Mimi nataka kujua, niingize mkono wangu kwenye blauzi nikiwa na hakika utatokea upande wa pili."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe. Tangu mbegu zije hapa, unanusa chakula changu. Unachungulia kikombe changu. Umenifanya nami nishuku ugali wangu. Shuku watu wa Makambako, shuku duka la dawa linalosema vinakuja, nenda ukawasumbue hao kila wiki mpaka wakuchoke. Sahani yangu niachie."

Nikasema ndiyo.

Shemeji alilala kwetu. Walizungumza Kibena chumbani kwa muda, dada na mdogo wake, kwa sauti nisizotakiwa kuzisikia, nami nikaomba nikiwa peke yangu sebuleni. Niliomba kwa ajili ya wale wanaopima majani na mbegu katika maabara zao, kitu ambacho sikuwahi kukiombea: kwamba wasichoke, na wasidanganye. Niliona inafaa kuyaomba yote mawili.

Asubuhi aliondoka na kopo lake. Mlangoni aliniambia, "Kamwene, shemeji," kwa kunikomoa, kwa sababu hiyo ni salamu ya kufika, si ya kuaga. Nikaitikia. Aliahidi kunipigia akiona vidonge vimeshuka Makambako, na hata sasa hupiga, wakati mwingine kabla mwenye duka hajafungua boksi. Huongeza kwamba anamsalimu nguruwe.

Siku ile, baada ya yeye kuondoka, mke wangu alimeza kidonge chake kwa maji ya uvuguvugu. Tulisubiri. Nje ukungu ulikuwa haujainuka. Vidole vilifunguka, kisha shingo. Nikasimama kutoka, nikafika mlangoni nikageuka kumtazama, kwa ile tabia yangu.

"Toka," alisema.

Nikatoka. Nilikaa jikoni mikono ikiwa magotini, nikitega sikio. Kulikuwa kimya mno, kimya kilichonifanya niinuke nusu na kukaa tena. Halafu kitu kilianguka, kifungo au pini, kikabingirika, na nikamsikia akikisema kifungo kile kwa Kibena, maneno ambayo mke wa mwinjilisti hayasemi mbele za watu. Sikwenda. Nikajimiminia chai, nikainywa ikiwa moto.